Sindano Tatu za Ghala la Mahindi

Kaka yangu alikuja kwetu Kanja siku ya Jumamosi bila kutuma habari, na akakataa chakula. Kwa yeyote aliyemjua, hilo peke yake lilitosha kutia hofu. Alikuwa mtu wa kula akiwa amesimama, sahani mkononi, akizunguka uani kukagua ng'ombe wetu na kuuliza kwa nini huyu amekonda. Siku hiyo aliketi sebuleni, kofia magotini, akaitazama sahani ya githeri mpaka ikapoa.

"Nyanya," akaniambia. Aliniita hivyo tangu utotoni kwa kuwa nilirithi jina la nyanya yetu mzaa baba. "Wewe si unafunza watu mambo ya redio? Redio inaweza kuniambia mtu ako wapi ndani ya nyumba?"

Nilikuwa nikifundisha elektroniki katika chuo kimoja cha ufundi mjini Embu. Yeye alikuwa meneja wa ghala la nafaka la tajiri mmoja kule Meru, mwendo mfupi kutoka soko la Gakoromone. Nilicheka kidogo, nikidhani anataka kuwashika walinzi wanaolala kazini. Hakucheka.

Akanieleza. Wiki ile kijana mmoja wa kupakia magunia alikuwa amepotea ndani ya ghala. Kila mtu alimwona asubuhi mlango wa mbele, akishusha mahindi kwenye lori, kwa hiyo magunia yalipoporomoka na yeye asionekane, watu wote wakakimbilia mbele. Wakahamisha magunia ya mbele mpaka jasho likawaingia machoni. Wakaita jina lake. Jioni mmoja akasema pengine alienda nyumbani, na kwa vile walikuwa wamechoka, wakamwamini. Kesho yake mama mmoja wa kuchagua mahindi akauona mkono wake upande wa nyuma kabisa, chini ya rundo ambalo hakuna aliyejua kwamba nalo lilikuwa limeanguka.

"Daktari alisema hakukufa mara moja," kaka yangu akasema. "Unaelewa, Nyanya? Alikuwa anatusikia. Tulikuwa tunamwita tukiwa upande ile ingine, na alikuwa anatusikia."

Bwanangu akatoka nje akijifanya anaenda kufunga lango. Mimi nikabaki na kaka yangu na ile sahani.

Ghala lenyewe nililijua, lakini sikuwahi kuliangalia kama mtu anayetaka kupima kitu. Lilikuwa jengo refu la mawe, paa la mabati, madirisha madogo ya juu yasiyoleta mwanga wa maana. Mlango wa mbele ulitazama barabara, wa nyuma ulitazama mikaratusi. Ndani, magunia yalipangwa marundo marefu kama nyumba, na kati ya rundo na rundo palikuwa na ujia mwembamba ambamo watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Ukiingia hatua chache, sauti ya barabarani inakatika. Unasikia fukusi wakitafuna. Wengi hawaamini kwamba fukusi wanasikika, lakini ukisimama katikati ya maelfu ya magunia ukanyamaza, utasikia mchakacho mdogo, kama mtu anayekunjua karatasi chumba cha pili.

Nilijenga visanduku kwenye likizo. Kisanduku kidogo cha kuvaa mshipini kilikuwa na transmita hafifu ya kutuma mlio ambao sikio halisikii. Kisha nikatengeneza redio tatu za kupokea kutoka kwa redio kuukuu, moja mlango wa mbele, moja mlango wa nyuma, moja ukutani katikati. Nyaya zake zikapita ukutani hadi ofisini, nje ya ghala kando ya mlango wa mbele, kwenye ubao wenye mita tatu. Kila mita na sindano yake. Mtu akikaribia redio, sindano yake inapanda, akienda mbali inashuka. Niliamini kwamba ukisoma sindano tatu kwa pamoja utajua mtu yuko wapi, kwa sababu kila mahali ndani ya ghala patakuwa na sura yake, jinsi kila uso una sura yake.

Aliyenisaidia ni mtu wa dawa. Ndivyo wafanyakazi walivyomwita mwanamume aliyekuja kuua wadudu kwa gesi, Mmbeere mrefu mwenye maneno machache, aliyeacha mbuzi wake nyanda za chini kwa ajili ya kazi hiyo. Alivaa kisanduku, akasimama kwenye kila alama ya chaki niliyochora sakafuni, nami ofisini nikasoma sindano na kuandika kwenye ramani ya ghala niliyoichora juu ya kipande cha mbao. Kazi ya siku nyingi. Jioni alikuwa akitoka na unga wa mahindi kwenye nyusi, akinawa bombani, akienda zake.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba sindano haitulii. Mtu akisimama wima kama nguzo, bado inatetemeka. Nilifikiri ni ubovu wa waya, nikalehemu upya mara mbili. Mwishowe nikagundua ni yeye. Anapumua, anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, anageuza kichwa, na sindano inajua. Nilimwambia mtu wa dawa akacheka kwa mara ya kwanza.

"Kwa hivyo mwalimu unaona nikipumua."

"Karibu hivyo."

"Hiyo si mzuri," akasema, na kicheko kikaisha.

Ramani ilipokamilika tukaanza kuijaribu. Kaka yangu alimnong'oneza mtu wa dawa mahali pa kujificha, mimi nikasoma sindano, nikaweka nukta ya chaki kwenye mbao, kisha tukaingia na tepu kupima umbali kutoka nukta yangu hadi miguu yake. Mara nyingine nilikosea kwa urefu wa mkono. Kaka yangu akapiga makofi, akaita wafanyakazi waje waone. Mara nyingine nilikosea kwa upana wa rundo zima, na hapo hakupiga makofi. Kosa la namna hiyo lilinisumbua kuliko yote, kwa sababu kwa redio rundo la magunia ni kama pazia, lakini kwa miguu ni ukuta. Ningeweza kuwa karibu naye kiasi cha kusikia akikohoa, na bado nizunguke ghala zima kumfikia.

Basi nikaacha kuchora nukta peke yake. Niliyapima makosa yangu yote, madogo na makubwa, nikachora duara kuizunguka nukta, kubwa kiasi kwamba mara tisa kwa kumi mtu alikuwa ndani yake.

Kaka yangu aliliangalia lile duara kama mtu aliyeletewa chai bila sukari.

"Hii ni nini?"

"Ni kiasi ambacho sijui."

"Nilikuuliza mtu ako wapi. Mtu hakai kwa duara, Nyanya. Mtu anakaa mahali."

"Yuko mahali. Mimi ndiye nisiyepajua sawasawa."

"Na hiyo mara ya kumi?"

"Ya kumi yuko nje ya mstari."

Niliona anamfikiria yule kijana. Kisha akachukua chaki akafanya nukta yangu kuwa nene zaidi, akaisugua mpaka chaki ikavunjika. "Watu wangu wakikimbia kuokoa mtu," akasema, "hawatakimbia kwenye duara. Watauliza wapi. Nitawaambia hapa."

"Hapo ndipo mlipokimbilia mara ya kwanza," nikamjibu.

Akatupa vipande vya chaki akatoka kwenda kwa wapakiaji. Lakini kesho yake nilipofika ofisini nilikuta duara halijafutwa, na tangu siku hiyo akatoa amri kwamba hakuna atakayeingia ghalani bila kisanduku kiunoni, awe mpakiaji, awe mchaguzi, awe yeye.

Kisha ikaja ile mvua ya El Nino. Kila mtu wa umri wangu ana hadithi yake kuihusu. Barabara zilikatika, madaraja yakaenda, migomba ya Mitunguu ikalala chini na mikungu yake. Kwetu ghalani ilileta mahindi mabichi. Malori yalifika yakiwa yameloa, magunia mazito ya kufanya wapakiaji watukane, na kwa vile hakukuwa na jua la kuanika wala nafasi ya kutandaza, yakapangwa hivyo hivyo, na marundo yakawa marefu kuliko wakati wowote nilioyaona. Ukiingia, joto lilikupiga usoni. Ghala lilitoa harufu ya pombe, ya kitu kinachochacha polepole gizani.

Nilipofunga chuo na kwenda Meru, kitu cha kwanza nilichoangalia ni sindano. Zote zilikuwa zimeshuka. Mtu wa dawa alisimama kwenye alama zile zile za chaki, mahali ambapo sura nilizijua kwa moyo, na sikuzitambua. Maji yaliyo ndani ya mahindi yalikuwa yakinywa mawimbi ya redio. Na hayakunywa sawasawa, kwa kuwa magunia mabichi zaidi yalikuwa yamepangwa upande wa nyuma. Sindano ya nyuma ilikuwa imedhoofika kuliko nyingine. Mtu aliyesimama karibu na nyuma alionekana kwenye ubao kama yuko mbele.

Kama yule kijana, nikawaza.

"Tuache kuitumia mpaka nipime tena," nikamwambia kaka yangu.

"Tutapima lini? Lori ziko kwa foleni mpaka sokoni."

"Basi nipe hata sehemu chache."

Akanipa asubuhi moja. Nilipima alama chache tu, nikaona mwelekeo wa kosa, lakini ukubwa wake sikuweza kuuthibitisha. Nikafuta duara. Mahali pake nikachora umbo kama yai, jembamba upande wa mbele, pana upande wa nyuma, likivuka rundo na kuingia ujia wa pili. Lilikuwa kubwa la kutisha. Kaka yangu alisimama nyuma yangu akipumua.

"Mvua ikiendelea hivi utachora ghala mzima."

"Ikibidi."

Fukusi walikuwa wengi mno kiasi kwamba magunia yalitoa unga yakiguswa, na tajiri akaamuru dawa iwekwe kabla ya Krismasi. Dawa yenyewe ni vidonge vya rangi ya majivu. Vinawekwa chini ya maturubai yanayofunika marundo, navyo vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi. Kwenye mahindi makavu vinachelewa kuamka; mtu ana saa nzima na zaidi ya kumaliza kazi na kutoka. Kisha milango inafungwa siku kadhaa na kubandikwa alama ya fuvu. Gesi hiyo ina harufu ya kitunguu saumu, au samaki aliyeoza, watu hawakubaliani. Mtu wa dawa alisema ukiisikia vizuri umechelewa.

Siku hiyo baada ya chakula cha mchana alianza nyuma akaja mbele, akiwa na maski usoni, na alipomaliza akatoka akaenda bombani upande wa pili wa jengo kunawa. Wapakiaji walikuwa wamekaa chini ya paa la mbele wakikwepa mvua. Mimi nilikuwa ofisini, nikijiandaa kuzima mita. Mkuu wa wachaguzi, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, alikuwa akiwahesabu wenzake. Akawahesabu tena. Kisha akapiga ukelele.

Kulikuwa na mchaguzi mmoja mzee, mama asiyesikia vizuri, mwenye mazoea ya kusinzia kwenye kona akichoka. Hakuwa nje. Kisanduku chake kilikuwa kimetundikwa msumarini, kwa maana kwamba ama alikuwa ametoka, au alikuwa ameingia bila kukivaa. Hakuna aliyejua.

Kaka yangu alikuwa ameshachukua kisanduku.

"Ngoja mtu wa dawa," nikamwambia.

"Dawa bado imelala. Naingia natoka."

"Kaka, ngoja!"

"Nikimngoja huyo na yule mama ako ndani?" Alilowesha leso kwenye maji ya mvua yaliyokuwa yakitiririka kutoka paani, akajifunga puani, akavaa kisanduku. Kwenye kizingiti aligeuka akaninyooshea kidole, kama ilivyokuwa desturi yake anapotania. "Niangalie vizuri, Nyanya."

Nikamwangalia. Nilikaa mbele ya mita tatu nikamwona akiingia, sindano ya mbele juu, kisha ikishuka, ya katikati ikipanda. Zilitetemeka kwa nguvu, alikuwa akikimbia. Nilimsikia akiita jina la yule mama, mara ya pili kwa mbali, mara ya tatu sikuwa na hakika kama nimesikia. Sindano ya nyuma ilipanda kidogo. Kisha mtetemo ukapungua, kama wa mtu anayetembea. Kisha ukapungua tena.

Mtu wa dawa akaja akijifuta mikono. Mama mkuu akamweleza kwa maneno mawili, naye akainyakua maski yake.

"Nani alimwambia dawa imelala? Hayo mahindi ni maji matupu. Hiyo dawa iliamka nikiwa bado naiweka."

Hapo ndipo sindano zikasimama. Zote tatu. Hazikuanguka, zilibaki mahali pake zikionyesha kitu kilichoko mahali fulani, lakini mtetemo ule niliouzoea kwa miezi haukuwapo. Nilipiga kioo cha mita kwa ukucha. Nikapiga tena. Nilikuwa nikisikia mvua juu ya mabati na hakuna kingine.

"Ako wapi?" mtu wa dawa akauliza. Alikuwa tayari anafunga mikanda ya maski. Maski ilikuwa moja tu, na mkebe wake wa kuchujia hewa alikuwa ameutumia muda wote wa kuweka dawa. "Mwalimu! Naingia mlango gani?"

Mkono wangu uliweka nukta. Ilianguka ujia wa kushoto, karibu na mlango wa mbele, hatua chache tu kutoka pale tuliposimama. Wapakiaji wawili waliiona wakaanza kukimbilia huko, na wangeachwa waende ungekuwa mwisho wao. Mama mkuu wa wachaguzi aliwashika mashati.

Ningependa kusema kwamba akili yangu ilikuwa imetulia. Haikuwa. Lakini mkono ulijua kazi yake, ukachora lile yai kuizunguka nukta, nami nikaona jinsi lilivyolalia nyuma, likivuka rundo, likienda mpaka mwisho wa ujia wa kulia.

"Redio inasema mbele," nikamwambia. "Lakini redio inadanganywa na maji. Kosa linaelekea nyuma. Ingia mlango wa nyuma, ujia wa kulia, uje ukirudi huku."

"Una hakika?"

"Sina. Yuko mahali ndani ya hii mistari. Na kama hayuko, basi yuko nje kidogo, upande wa nyuma. Usipomwona ndani ya mistari usirudi, tazama nje yake."

Alinitazama kupitia vioo vya maski kwa muda ambao nauhisi hadi leo. Nilikuwa namwambia mtu aingie kwenye sumu mbali na pale ambapo chombo changu mwenyewe kilionyesha. Akageuka akakimbia kuzunguka jengo.

Tulifungua milango ya mbele kwa mapana ili hewa ipite, tukarudi nyuma hadi barabarani. Harufu ikatoka. Sikusikia kitunguu saumu wala samaki. Nilisikia kitu kama kiberiti kilichowashwa kikazimwa. Mama mkuu alikuwa akiomba kwa Kimeru kwa sauti ya chini. Wale wapakiaji wawili walikuwa wamekaa kwenye matope. Nilimwona mlinzi amevua kofia, nikataka kumpigia kelele airudishe kichwani.

Aliyepaza sauti ni mtu aliyekuwa nyuma. Tulikimbia. Mtu wa dawa alikuwa ametoka mlango wa nyuma akitembea kinyumenyume, akimburuta kaka yangu kwa makwapa, na alipofika kwenye mikaratusi alimwachia, akaing'oa maski na kutapika.

Alitueleza baadaye, akiwa ameegemea mti. Alipita ujia wote wa kulia, ndani ya mistari yangu yote, hakumwona. Hewa ya mkebe ilikuwa imeanza kuwa na ladha. Mguu wake ulitaka kurudi. Akakumbuka maneno yale ya nje kidogo, akageuka upande wa nyuma, na pale kwenye mwanya kati ya rundo la mwisho na ukuta, mahali ambapo hakuna mtu hupita, akaona soli ya kiatu. Ilikuwa ile mara ya kumi. Kaka yangu alikuwa nje ya yai langu kwa urefu wa mtu aliyelala.

Alifungua macho pale pale chini ya mvua. Walimletea maziwa, kama watu wafanyavyo kwa kila sumu, akayanywa na kuyatapika. Kisha akaketi. Akauliza habari za yule mama. Akasema kichwa kinamgonga. Alitania hata kwamba sasa fukusi wamekufa wote, yeye ameionja dawa kwa niaba yetu. Watu wakaanza kucheka kwa ile sauti kubwa ya watu walionusurika, na mmoja akasema hakuna haja ya hospitali.

"Apelekwe," mtu wa dawa akasema. Hakucheka. "Hii gesi inamwachilia mtu halafu inamrudia."

Tukiwa tunampandisha garini, yule mama mzee akatokea kwenye kona ya ukuta, mwavuli mkononi na mfuko wa kunde kutoka Gakoromone. Alikuwa ameenda sokoni kabla mvua haijazidi. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza ni nani anaumwa.

Gesi ilimrudia asubuhi, kama tulivyoambiwa. Nilimkuta kitandani akivuta pumzi kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija, midomo imebadilika rangi, na muuguzi akinizuia mlangoni kwa mkono mmoja. Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Siku kadhaa walituambia tujiandae, na mama yetu alijiandaa. Alikuja na shuka jeupe ndani ya kikapu, akakaa nalo miguuni, kimya, bila kumwonyesha mtu. Kaka yangu hakufa. Alikaa hospitalini hadi mvua ikapungua, akatoka akiwa na mwili wa mtu mwingine.

Tajiri aliniita ofisini mwezi uliofuata. Alikuwa mkarimu sana. Alitaka maghala yake yote yawekewe mita, na akasema nimemwokoa mtu wake. Kulikuwa na jambo dogo tu. "Hayo mayai uliyochora yanachanganya watu," akasema. "Weka nukta tu. Watu wanaelewa nukta." Nilimweleza kilichotokea, kwamba nukta ingemwua kaka yangu na wale vijana wawili pamoja naye. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa heshima, kisha akaniuliza kama ninaweza kutengeneza nukta iwe na rangi nyekundu. Jioni hiyo nilivuta nyaya zangu ukutani, nikafunga visanduku kwenye boksi, nikarudi Embu. Nilisikia baadaye kwamba alimpata fundi mwingine aliyemtengenezea alichotaka. Sikuwahi kusikia kilichofuata, na sikuuliza.

Mtu wa dawa alirudi kwa mbuzi wake. Kaka yangu aliacha kazi, akaenda Mitunguu kwenye shamba la baba, akapanda migomba upya. Hakuweza kubeba mkungu. Aliajiri mtu wa kubeba, naye akawa anatembea kwenye mifereji polepole, akisimama kila mara kana kwamba anakagua majani, kumbe anavuta pumzi.

Nilimtembelea mara nyingi. Mchana mmoja wa joto, tukiwa tumeketi kivulini, alianza mwenyewe kuongea juu ya siku ile, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja.

"Unajua nilikuwa nimefika mlangoni," akasema.

"Mlango gani?"

"Wa mbele. Niliuona mwanga. Niliona miguu ya watu nje, niliona hata sketi yako. Ilibaki hatua moja, Nyanya. Hatua moja tu na ningekuwa nje. Ndio nashangaa kwa nini mlikawia kunishika mkono."

Aliongea bila lawama, kama mtu anayeeleza hali ya barabara. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Macho yake yalikuwa makavu na yenye hakika kabisa, hakika ambayo sindano zangu hazikuwahi kunipa hata siku moja. Nikawaza ule mwanya mwembamba wa nyuma, giza lake, rundo la mwisho na ukuta. Hapaonekani mlango wowote kutoka pale.

"Tulikuja mbio," nikasema.

"Najua mlikuja." Akaegemea mgomba, akafumba macho. Nilisikiliza kifua chake kikipanda na kushuka, na mlio mdogo mkavu ndani yake kila kilipofika juu, nikakaa hapo nikiusikiliza mpaka mtu wa kubeba akaja kuuliza mikungu ipi ikatwe.